Akina mama wa mwani wanarudi baharini mtoto ana miezi miwili. Tuwasaidieje waendelee kunyonyesha?

Mhudumu_wa_Pwani aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku kusini mwa Bagamoyo, upande wa Mlingotini. Swali langu ni la akina mama wanaolima mwani. Arobaini ikishapita, wengi wanarudi shambani mtoto akiwa na wiki nane hadi kumi, maana bamvua (siku ambazo bahari hupwa na kujaa sana) likija na kamba ya mwani haina mtu, mwezi huo hakuna hela. Mtoto anabaki na bibi yake. Ukimuuliza mama kliniki, anakujibu vizuri kabisa: maziwa ya mama pekee miezi sita. Ukifika nyumbani saa tano asubuhi unamkuta mtoto wa miezi mitatu anakunywa maji kwa kijiko, au uji wa sembe mwepesi, au dawa ya chango ya dukani.

Kwa hiyo elimu wanayo. Naona kinachokosekana ni namna ya kufanya. Friji hakuna, pampu ya kukamulia hawawezi kununua, na semina wamezichoka (hata mimi nimezichoka). Naomba mnieleze hasa: kukamua kwa mkono na kutunza maziwa kwenye joto letu hili, mtoto aachiwe kiasi gani, na kikundi cha akina mama kiendeshwe vipi kisigeuke mkutano wa hadhara. Na bibi naye tumwingizeje?

---

Muuguzi_Ngamiani alijibu:

Dada, umeshalijibu nusu ya swali. Mama huyu hana shida ya maziwa, ana shida ya saa nne na nusu hivi za kuwa mbali, tangu atoke kwenda baharini hadi arudi. Tuanzie hapo.

Kiasi. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anakunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima. Gawanya kwa saa 24 unapata kama mililita 30 kwa saa. Mama akiwa mbali saa nne na nusu, mtoto anahitaji takriban 135. Acha 150, au 180 kama ni mlafi. Si lita, wala si chupa nzima ya soda. Akina mama wengi hukata tamaa kwa sababu wanadhani lazima wajaze kopo. Chukua bomba la sindano la mililita 10 lisilotumika, bila sindano yake, pima maji mara tatu ndani ya kikombe, weka alama kwa nje kwa rangi ya kucha. Hiyo ni 30. Endelea hadi 90. Bibi asiyesoma namba atasoma mistari.

Kukamua kwa mkono. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi ya kisima au bomba. Wenye vidonda vidogo vya kamba na chumvi wasugue hadi chini ya kucha. Titi lenyewe halitaki sabuni, maji matupu yanatosha. Kisha:

Mama akae, ainame kidogo mbele. Apapase titi taratibu kutoka juu kuelekea chuchu kwa dakika moja au mbili, mtoto akiwa karibu. Maziwa hushuka kwa homoni, na homoni hiyo husikia harufu ya mtoto kuliko inavyosikia mawaidha yetu. Kidole gumba kiwe juu ya chuchu, cha shahada chini yake, vyote umbali wa sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu. Asukume kwanza kuelekea kifuani, halafu abane vidole kwa pamoja, halafu aachie. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Vikiteleza vinachubua na maziwa hayatoki. Yakipungua azungushe vidole pembeni, maana vijibomba vya maziwa viko pande zote. Dakika 3 hadi 5 upande mmoja, ahamie wa pili, arudi tena. Jumla dakika 20 hadi 30.

Makosa ninayoyaona zaidi ni mawili: kuvuta chuchu (inauma, na chuchu haina maziwa, yako nyuma yake), na kuanza kujifunza siku ileile ya kurudi baharini. Aanze wiki mbili kabla. Siku za mwanzo atapata vijiko viwili vitatu, na hiyo haimaanishi kwamba hana maziwa. Njia nyepesi ni kumpa mtoto ziwa moja alfajiri na kukamua lingine wakati huohuo, kwa sababu mtoto akivuta huku, kule nako maziwa hushuka.

Chombo. Kopo au bakuli lenye mdomo mpana na mfuniko, la kioo, chuma au plastiki ngumu. Lioshwe kwa sabuni, lichemshwe dakika 10, likauke lenyewe bila kufutwa na kanga. Chupa ya chuchu achana nayo. Pale kwenye shingo na ndani ya chuchu hapasafishiki kwa maji ya ndoo, na mtoto anayezoea kunyonya chuchu ya mpira anaweza kuanza kulisumbua ziwa.

Kutunza. Kwa joto la pwani hesabu saa nne tangu kukamuliwa. Zikipita, mwaga.

---

Mdau_wa_Afya alijibu:

Hapo kwenye saa nne naomba kutofautiana kidogo, mkuu. Vijitabu vingi vya lishe vinasema saa nane. Ukimwambia mama saa nne utamvunja moyo bure.

---

Muuguzi_Ngamiani alijibu:

Saa nane ni kwa sehemu yenye ubaridi, kama Lushoto mwezi wa saba. Kwenye nyuzi 27 hadi 32 kipimo kinachoshauriwa ni saa tatu hadi nne, na Tanga au Bagamoyo wakati wa kaskazi (msimu wa joto) chumba cha bati kinapita hapo mapema. Tena wengine watasema waweke kopo pembeni ya mtungi ulolowa ndiyo yapoe. Mtungi hupoza kwa maji kukauka juu ya ngozi yake, na hewa yetu imejaa unyevu, kwa hiyo unapoza kidogo sana ukilinganisha na Dodoma. Kopo likae ndani ya beseni la maji, kivulini, sakafuni, mbali na jiko. Inasaidia, lakini usiongeze saa kwa ajili hiyo.

Na saa nne zinatosha ukizipanga. Siku za bamvua kubwa maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Mama anaondoka saa mbili, anarudi saa sita na nusu. Basi:

Saa moja asubuhi anakamua kikombe cha kwanza. Saa mbili, kabla hajatoka, ananyonyesha hadi mtoto aachie mwenyewe, kisha anakamua yaliyobaki kwenye kikombe cha pili. Mtoto akiamka saa nne anapewa cha kwanza, ambacho kina saa tatu. Saa sita anapewa cha pili, nacho kina saa nne. Nusu saa baadaye mama yuko mlangoni.

Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba nayo isogee. Mama wa mwani haangalii saa ya ukutani, anaangalia maji, na ratiba ya maziwa iandikwe hivyohivyo: "kabla ya kutoka", "maji yakipwa", "maji yakianza kujaa".

---

Afisa_Lishe_Mstaafu alijibu:

Mwenzangu kasema vizuri. Naongeza la bibi, maana kwa desturi zetu mtoto ni wa bibi kabla hajawa wa kliniki.

Bibi hampi mjukuu uji kwa ubishi. Mtoto analia, yeye hana kitu kingine mkononi. Ukimwachia kikombe chenye maziwa na ukamfundisha kukitumia, umemwondolea sababu. Afundishwe yeye mwenyewe, kwa vitendo, mbele ya mkwewe au bintiye, na aitwe kwa heshima yake. Usimtume mama akamkosoe mkwewe, utaharibu nyumba.

Kunywesha kwa kikombe: mtoto awe macho, amekaa nusu wima mapajani, mikono imefungwa kwa kanga asipige kikombe. Ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, kiinamishwe mpaka maziwa yaguse tu mdomo wa juu. Usimimine. Mtoto atayalamba au kuyafyonza mwenyewe, atapumzika, ataendelea. Ukimmiminia yanaingia njia ya hewa. Yatamwagika kiasi kwenye kidevu, ni kawaida. Yaliyobaki kwenye kikombe baada ya mtoto kushiba hayarudishwi koponi. Maziwa yakijitenga, mafuta juu na maji chini, hayajaharibika, yatikise taratibu. Kuyapasha, weka kopo ndani ya maji ya uvuguvugu. Usiyabandike jikoni.

Kuhusu uji mwepesi, hesabu yake bibi anaielewa haraka kuliko hotuba ya virutubisho. Mtoto wa miezi mitatu hushiba kwa kikombe kidogo cha mililita 90 au 100 hivi. Ukijaza nafasi hiyo kwa uji ambao karibu wote ni maji, analala kwa kuwa tumbo limejaa, halafu mama akirudi ziwa halivutwi vizuri. Ziwa lisipokamuliwa, mwili unapunguza kutengeneza. Wiki mbili baadaye mama anasema kweli kabisa kwamba maziwa yamepungua, na wote wanaona uji ndio uliomwokoa mtoto! Maji nayo ni hivyohivyo: zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji, mtoto hana kiu hata kiangazi.

Kilio cha jioni cha mtoto wa wiki sita mara nyingi si chango wala si njaa. Umri huo ndio kilele cha kulia. Abebwe, apakatwe kifua kwa kifua, apewe ziwa mara kwa mara. Ila akilia na homa, au akikataa ziwa kabisa, au akitapika kijani, hiyo ni hospitali usiku huohuo.

Pia muwatoe hofu ya "maziwa ya jua", kwamba mama akitoka juani maziwa yamechacha kifuani. Mwili unabaki na joto lake lilelile. Akirudi aoshe chumvi, anywe maji, anyonyeshe hapohapo.

---

Mhudumu_wa_Pwani aliuliza tena:

Ahsanteni sana. Kuna kitu kimoja kinanitesa: kubemenda. Mtoto akikonda kidogo tu, wanasema wazazi wamekutana mapema, kabemendwa. Mama anaona haya, anamwachisha ziwa kimyakimya. Hili mnalishughulikiaje bila kuleta aibu? Na kikundi?

---

Mkunga_wa_Kaskazi alijibu:

Kubemenda usibishane nako hadharani, utashindwa na utamwaibisha mama. Nenda na mizani. Mtoto chini ya miezi sita anatakiwa aongezeke angalau gramu 500 kwa mwezi, na akojoe mara sita au zaidi kwa siku, mkojo usiwe wa njano iliyokolea. Kama kadi inapanda, mazungumzo yameisha. Kama haipandi, tafuta sababu yenyewe: anavyoshika ziwa, mara anazonyonya kwa siku (8 hadi 12, usiku zikiwemo), kama anapewa vitu vingine, kama ana homa au kikohozi. Hapo unamwambia bibi, "tumetafuta, tumekuta ni hili," na hakuna aliyeshitakiwa.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Lakini wazee walikuwa wanalinda kitu cha kweli: mimba ya haraka humpunguzia mtoto wa mwanzo matunzo na kumchosha mama. Kwa hiyo zungumzeni uzazi wa mpango. Kunyonyesha kwenyewe kunazuia mimba kwa asilimia 98 endapo masharti matatu yapo kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na mama hajaona siku zake. Mama anayekaa mbali saa nyingi na kukamua asitegemee njia hii peke yake, kwa sababu kukamua hakuzuii mimba sawasawa na mtoto kunyonya. Apate njia nyingine isiyopunguza maziwa, kama kitanzi, kipandikizi au vidonge vya homoni moja. Na akishika mimba bado anaweza kunyonyesha.

Kikundi: wasizidi 12, wajawazito wa miezi ya mwisho wawemo, na mabibi wawili watatu wenye sauti kijijini. Mkae duara, saa moja basi. Siku za maji mafu (bahari isipopwa sana), si za bamvua, maana siku za bamvua hutampata mtu. Kila kikao kitu kimoja cha mikono: leo kukamua, kikao kijacho kikombe, kinachofuata kumweka mtoto kwenye ziwa. Mengine yaachie Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji.

Ila msaada mkubwa kuliko vyote mnaweza kuupanga wenyewe ndani ya kazi. Kufunga mbegu kwenye kamba kunafanyika ufukweni, kivulini. Wanaonyonyesha wapewe kazi hiyo, wasionyonyesha waingie majini, mapato yagawanywe kwa makubaliano yaliyosemwa mapema. Au bibi mmoja akae na watoto ufukweni kwa zamu, mama akitoka na mzigo anakaa dakika 20 ananyonyesha. Kibanda cha makuti kinatosha. (Sio chini ya mnazi, jamani. Nazi haichagui kichwa.)

Angalizo kwa kibanda: mtu asinyonyeshe mtoto wa mwenzie kumsaidia, na makopo yasichanganywe. Kuna hatari ya VVU, na kwetu Waislamu kuna undugu wa kunyonya, watoto wakikua hawaoani. Kila kopo lifungwe uzi wa rangi yake.

---

Sheria_Kazini alijibu:

Mada ni mwani, lakini huku Tanga wapo akina mama wa mashamba ya mkonge, Muheza na Korogwe, na wa viwandani. Hao wana haki iliyoandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya uzazi yenye malipo siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini aruhusiwe kunyonyesha ndani ya saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Taarifa ya likizo itolewe kwa maandishi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Wengi hukwama hapo kwenye maandishi. Saa mbili hizo zisifikiriwe kuwa lazima ziwe mfululizo: muda wa saa moja wakati wa asubuhi na wa saa nyingine moja wakati wa mchana humsaidia zaidi mama anayeishi karibu na shamba.

Mkulima wa mwani anayejiajiri hana mwajiri wa kumdai, ndiyo maana mpango wa kibanda ni wa maana.

---

Mhudumu_wa_Pwani aliuliza tena:

La mwisho wakuu. Kwenye kikundi watakuwepo wanaoishi na VVU na sitawajua. Ushauri huu wa kukamua unawafaa? Na mwenye vidonda vya chuchu?

---

Muuguzi_Ngamiani alijibu:

Unawafaa, na usiulize hali ya mtu kwenye kikundi. Anayeishi na VVU ananyonyesha maziwa pekee miezi sita kama wengine, akimeza ARV kila siku, na mtoto akipewa dawa yake ya kinga na kupimwa kuanzia wiki ya nne hadi ya sita. Kwake kuchanganya uji na maziwa miezi ya mwanzo ni hatari zaidi, kwa sababu vyakula vingine hukwaruza utumbo wa mtoto. Ukiwafundisha wote maziwa pekee, umemlinda bila kumtaja.

Vidonda vya chuchu karibu vyote vinatokana na mtoto kushika chuchu tupu. Tazama manne: mdomo umefunguka wazi, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kinagusa titi, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ikiuma baada ya mivuto michache, mama aingize kidole safi pembeni ya mdomo, atoe, aanze upya. Baada ya kunyonyesha apake matone ya maziwa yake, yakauke. Asipake mafuta ya nazi yenye dawa wala sabuni.

Anayejua ana VVU na chuchu imechanika au titi lina usaha, anyonyeshe upande mzima, ule mbovu akamue na kumwaga hadi upone, na aende kituoni. Kwa wengine wote, titi likiwa jekundu, gumu na lenye homa, waendelee kunyonyesha upande huohuo, kitambaa cha maji baridi baada ya kunyonyesha, paracetamoli, na wasikamue kupita kiasi. Saa 24 bila nafuu, aende kituo cha afya akapewe antibaotiki, na aseme wazi kwamba ananyonyesha ili apewe inayofaa. Asiambiwe na mtu yeyote mtaani aachishe mtoto, kwani ziwa lisipokamuliwa ndipo jipu linapofanyika.